Pori Lililotengenezwa: Hifadhi za Marekani na Wenye Ardhi Yao

Kwenye lango la kaskazini la Hifadhi ya Taifa ya Yellowstone, katika mji mdogo wa Gardiner, jimbo la Montana, pana tao kubwa la mawe ambalo Rais Theodore Roosevelt aliliwekea jiwe la msingi mwezi Aprili 1903. Juu yake yamechongwa maneno yaliyotolewa katika sheria iliyoianzisha hifadhi hiyo, ambayo kwa Kiswahili tungeweza kuyasema hivi: kwa manufaa na furaha ya wananchi. Kiingereza chake kinasema watu tu, lakini wafasiri wengi wa Kiswahili wangelishika neno wananchi bila kufikiri mara mbili, na kwa kulishika wangekuwa wamefichua jambo ambalo waliochonga tao hawakulikusudia. Mwananchi ni mwana wa nchi. Na wana wa nchi ile, ambao mababu zao waliwinda, walioana na kuzikwa katika mabonde yanayoonekana mbele ya tao, walikuwa wamekwisha kuondolewa kabla jiwe la kwanza halijawekwa.

Hoja ya makala haya ni kwamba hifadhi za Marekani haziwezi kugawanywa katika mafungu mawili, la maumbile na la historia, kama vitabu vya watalii vinavyopenda kuzigawa. Kile kinachoitwa pori asilia kilitengenezwa, tena kwa sheria, kwa bunduki na kwa kalamu ya mchora ramani. Na mahali pengine hata miti na wanyama wako walivyo leo kwa sababu ya nani aliondolewa na nani aliruhusiwa kubaki. Anayeitazama Yellowstone kama kazi ya Muumba peke yake amesoma nusu ya maandishi, na nusu aliyoiruka ndiyo yenye majina ya watu.

Sisemi kwamba nusu ya kwanza ni ndogo. Sheria ya Yellowstone ilitiwa saini na Rais Ulysses S. Grant tarehe 1 Machi 1872, na eneo lililotengwa, karibu kilomita za mraba 9,000, sehemu yake kubwa ikiwa Wyoming na pembe zake zikiingia Montana na Idaho, limekaa juu ya volkeno ambayo mlipuko wake mkubwa wa mwisho ulitokea miaka ipatayo 640,000 iliyopita na kuacha bonde la kuporomoka lenye upana wa makumi ya kilomita. Joto lililobaki chini ndilo linalochemsha maji ya mvua na theluji yanayopenya kwenye nyufa za miamba, na kutokana nalo zimepatikana chemchemi, vidimbwi na matundu ya mvuke zaidi ya 10,000. Zaidi ya nusu ya chemchemi zote duniani zinazofoka maji ya moto hewani kwa vipindi zimo humo, maarufu zaidi ikiwa ile iitwayo Old Faithful, ambayo siku hizi hufoka kila baada ya saa moja na nusu hivi. Msafara wa mjiolojia Ferdinand Hayden wa mwaka 1871 ulirudi na picha za kamera za William Henry Jackson na michoro ya rangi ya Thomas Moran, na picha hizo zilifanya kazi kubwa ya kuwashawishi wabunge ambao hawakuwa wameiona nchi yenyewe. Kampuni ya reli ya Northern Pacific, iliyokuwa ikitafuta abiria, nayo ilisukuma jambo hilo. Kwa hiyo biashara haikuingia hifadhini baadaye kama mgeni. Ilikuwapo siku ya kuzaliwa.

Ndani ya hifadhi hiyo hiyo pana jabali la kioo cheusi cha volkeno liitwalo Obsidian Cliff. Watu walilichimba kwa zaidi ya miaka 11,000 wakitengeneza visu na ncha za mikuki, na vipande vyake vimefukuliwa katika makaburi ya kale ya Ohio, zaidi ya kilomita 2,000 kutoka hapo. Biashara ya namna hiyo haifanywi na watu wanaolikimbia eneo. Hata hivyo, miaka michache tu baada ya 1872, simulizi iliyoenezwa kwa nguvu, na msimamizi wa pili wa hifadhi, Philetus Norris, akiwa miongoni mwa waenezaji, ilikuwa kwamba wenyeji waliziogopa chemchemi zinazofoka na hawakuwahi kukaa karibu nazo. Ukweli ni kwamba kundi moja la Washoshone, Watukudika, yaani walaji wa kondoo wa milimani, lilikuwa likiishi katika nyanda zile, na mataifa mengine kama Wakrow, Wablackfeet na Wabannock yalipita humo kila mwaka kuwinda na kuchimba.

Simulizi ya woga ilikuwa na kazi yake. Mwaka 1877 Wanez Perce, waliokuwa wakikimbia jeshi lililotaka kuwafungia katika eneo dogo la kutengewa wenyeji, walikatiza katikati ya Yellowstone, na watalii kadhaa wakajikuta ndani ya vita. Baadhi yao walitekwa na wachache wakauawa. Wakimbizi hao walisalimu amri mwezi Oktoba mwaka huo, kilomita zipatazo 65 kabla ya kuufikia mpaka wa Kanada. Hapo ndipo hifadhi iliyotangazwa kwa ajili ya furaha ilipoonekana kuhitaji usalama, na usalama huo ukatafsiriwa kuwa ni kuwaondoa wenyeji wote. Norris alijenga makao makuu yenye sura ya ngome, Watukudika wakapelekwa katika maeneo ya kutengewa wenyeji ya Wind River na Fort Hall, na kuanzia 1886 hadi 1918 hifadhi ililindwa na jeshi. Mtalii aliyefika mwaka 1890 akaikuta nchi tupu hakudanganywa na macho yake. Nchi ilikuwa tupu kweli, kwa kuwa ilikuwa imeondolewa watu karibuni.

Kuondolewa kwa watu kulifuatiwa na kuondolewa kwa wanyama waliohesabiwa kuwa waovu. Mbwamwitu wa kaskazini (natumia jina hili huku nikijua kwamba kwetu limekwisha kushikwa na mnyama mwingine kabisa, mwenye madoa) waliwindwa kwa sera ya serikali ndani ya hifadhi hadi wa mwisho wakauawa mwaka 1926, kwa sababu walikula kulungu wakubwa waitwao elki ambao watalii walipenda kuwaona. Nyati wa Marekani walinusurika kwa tundu la sindano: mwaka 1902 waliobaki humo hawakufika 30, baada ya mamilioni yao kumalizwa katika nyanda za kati, jambo ambalo lilikuwa pia njia ya kuwavunja wenyeji waliowategemea kwa chakula, mavazi na mahema. Elki wasiokuwa na adui waliongezeka mno wakala machipukizi ya mierebi kando ya mito, hata hifadhi ikalazimika kuwapunguza kwa risasi. Mwaka 1995 na 1996 mbwamwitu 31 waliletwa kutoka Kanada, na makundi yakasimama tena. Wanasayansi wanabishana hadi leo ni kiasi gani cha kurudi kwa mierebi kilitokana na mbwamwitu na kiasi gani kilitokana na mambo mengine, na ubishi huo ni wa afya. Ila hakuna anayekanusha kwamba mandhari inayoitwa asilia ni matokeo ya maamuzi ya ofisini, ya kuua mwanzoni na ya kurudisha baadaye.

Mfano ulio mzito zaidi, kwa maoni yangu, uko California, katika miti mikubwa ya msekoya. Ule unaoitwa General Sherman, katika Hifadhi ya Taifa ya Sequoia, ndio mti mmoja mkubwa kuliko yote duniani kwa ujazo wa shina, ukiwa na kimo cha karibu mita 84. Magome ya misekoya ni mazito na hayashiki moto kwa urahisi, na vitunga vyake vya mbegu hukaa vimefumba kwa miaka mingi juu ya mti, vikingoja joto la moto unaopita chini ndipo vifunguke na kumwaga mbegu juu ya majivu, mahali palipopata mwanga na palipofyekwa vichaka. Mti huu, kwa ufupi, unazaliwa na moto. Wenyeji wa milima ya Sierra Nevada, Wamono miongoni mwao, walilijua hilo kwa njia ya kazi: walichoma msitu kidogo kidogo kwa majira, ili wapate nyasi kwa wanyama, vijiti vya kusukia vikapu na matunda ya mialoni bila wadudu.

Walipoondolewa wao, moto wao nao ukapigwa marufuku. Kwa karibu miaka 100 kila cheche ilizimwa kwa jina la uhifadhi, na chini ya misekoya kukajaa miti midogo, magogo na majani makavu. Ripoti ya mwaka 1963 iliyoongozwa na mwanabiolojia Starker Leopold ilionya kwamba hifadhi zilikuwa zikigeuzwa kitu ambacho hakikuwahi kuwapo, na mwaka 1968 hifadhi za Sequoia na Kings Canyon zikaanza kuchoma kwa mpango. Hatua hiyo ilichelewa, tena ilikuwa ndogo mno kwa ukubwa wa eneo. Katika mioto ya 2020 na 2021, ukame na joto vilipokutana na kuni zilizolimbikizwa karne nzima, inakadiriwa kwamba kati ya asilimia 13 na 19 ya misekoya mikubwa yote duniani iliangamia. Miti iliyokuwa imepita katika mioto mingi kwa zaidi ya miaka 1,000 iliuawa na moto mmoja uliolishwa na ulinzi. Sijui mahali pengine ambapo gharama ya kumtoa mtu ndani ya picha ya maumbile imelipwa na maumbile yenyewe kwa uwazi kiasi hicho.

Barabara iliyomfikisha mtalii wa kwanza mwenye gari la farasi chini ya misekoya hiyo nayo ina mwenyewe. Kabla ya kuundwa kwa Idara ya Hifadhi za Taifa mwaka 1916, hifadhi za California zililindwa na wanajeshi, na katika miaka ya 1899, 1903 na 1904 baadhi yao walikuwa askari Weusi waliojulikana kama askari wa nyati. Mwaka 1903 msimamizi wa muda wa Sequoia alikuwa Kapteni Charles Young, aliyezaliwa utumwani Kentucky mwaka 1864 na kuwa Mmarekani Mweusi wa tatu kuhitimu katika chuo cha kijeshi cha West Point. Katika msimu mmoja wa kiangazi watu wake walikamilisha barabara hadi msitu wa Giant Forest, wakafanya kazi kubwa kuliko iliyofanywa katika misimu kadhaa iliyotangulia. Baadaye alitumwa Liberia kama mwambata wa kijeshi, akafariki Lagos mwaka 1922 akiwa kazini. Nyumba yake iliyoko Wilberforce, Ohio, ilitangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa mwaka 2013, na cheo cha brigedia jenerali alikipata mwaka 2022, miaka 100 baada ya kufa. Taifa lililomkabidhi Young miti mikubwa kuliko yote lilishindwa kumkabidhi nyota ya jenerali alipokuwa hai.

Sheria ya Mambo ya Kale, iliyotiwa saini na Roosevelt tarehe 8 Juni 1906, ndiyo iliyoweka maumbile na historia katika kapu moja bila kukusudia falsafa yoyote. Ilitungwa hasa kwa sababu ya wizi wa vyungu na mifupa katika magofu ya kale ya kusini-magharibi, mfano wa nyumba za majabalini za Mesa Verde, lakini ikampa rais mamlaka ya kutangaza kumbukumbu ya taifa penye kitu chochote chenye thamani ya kihistoria au ya kisayansi katika ardhi ya serikali. Ya kwanza kutangazwa, mwezi Septemba mwaka huo, ilikuwa Devils Tower, nguzo ya mwamba wa volkeno yenye urefu wa mita 264 huko Wyoming, ambayo kwa Walakota, moja ya mataifa ya wenyeji wa nyanda hizo, ni Mato Tipila, makazi ya dubu, mahali pa ibada. Serikali ilitangaza mwamba. Jina la Kiingereza lililobandikwa juu yake lilipageuza mahali pa sala kuwa mnara wa shetani.

Roosevelt huyu ndiye aliyeshuka Mombasa mwezi Aprili 1909, wiki chache baada ya kuondoka madarakani, akaingia bara na mwanawe Kermit na kuua pamoja naye zaidi ya wanyama 500 kwa ajili ya majumba ya makumbusho ya Marekani. Nalitaja kwa sababu fikra ile ya pori lisilo na watu ilisafiri pia. Mfalme Albert wa Ubelgiji alizitembelea hifadhi za Marekani mwaka 1919, na mwaka 1925 hifadhi yenye jina lake ikaanzishwa Kongo, ambayo leo tunaijua kama Virunga. Msomaji wa Loliondo au wa Ngorongoro, ambaye anakumbuka Wamasai walivyotolewa Serengeti mwaka 1959, hahitaji kuelezwa kwa urefu kwamba tao la Gardiner lina vivuli virefu.

Palipo na ubishi mkali kuliko pote kati ya mwamba na historia ni Black Hills, Dakota Kusini. Mkataba wa Fort Laramie wa mwaka 1868 uliwahakikishia Walakota na ndugu zao milima hiyo kwa matumizi yao peke yao. Mwaka 1874 msafara wa jeshi ulioongozwa na Custer ulitangaza kuwapo kwa dhahabu, na mwaka 1877 Bunge likaitwaa milima. Nusu karne baadaye, kati ya 1927 na 1941, mchongaji Gutzon Borglum na wafanyakazi karibu 400 walichonga kwa baruti na patasi nyuso za Washington, Jefferson, Theodore Roosevelt na Lincoln, kila uso ukiwa na kimo cha mita 18, katika mlima ambao leo unaitwa Rushmore na ambao Walakota waliuita Mababu Sita. Mwamba wenyewe ni matale yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 1.5, ambayo humomonyoka polepole mno. Nyuso hizo zitaishi kuliko dola iliyozichonga. Mwaka 1980 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba milima ilichukuliwa bila fidia ya haki na ikathibitisha malipo ya zaidi ya dola milioni 100. Walakota walikataa pesa hizo, wakasema wanataka ardhi, na pesa zikakaa katika akaunti ya serikali zikizaa riba hadi kupita dola bilioni moja, huku nyingi za jamii zenye haki nazo zikiwa miongoni mwa maskini kabisa nchini.

Kukataa huko kunanifikirisha kuliko nyuso zenyewe. Mlima ule una kumbukumbu mbili za kitaifa kwa wakati mmoja: moja imechongwa na kila mtu anaiona, nyingine ni hundi isiyochukuliwa. Ya pili haina maegesho ya magari wala duka la zawadi.

Atakayenijibu atasema kwamba bila sheria hizo yote haya yangekwisha. Ana haki, na hoja yake isipuuzwe. Bila 1872 chemchemi za Yellowstone zingegeuzwa hoteli za kuoga. Bila tangazo la Roosevelt la 1908, korongo kuu la Grand Canyon huko Arizona lingejaa madai ya wachimba madini. Na misekoya mingi ilikwisha kukatwa kabla ya ulinzi, ikapasuliwa kuwa vigingi vya uzio. Leo mtandao wa hifadhi na kumbukumbu hizo una maeneo zaidi ya 430, mojawapo ya kazi kubwa za umma ambazo nchi yoyote imewahi kuzifanya, na mwaka 2024 ulipokea ziara milioni 331.9. Lakini hoja hiyo ingekuwa na nguvu zaidi kama ulinzi ungekuwa mkali kwa wote sawasawa. Ndani ya Yosemite, hifadhi inayozunguka bonde ambalo Lincoln alilitengea jimbo la California mwaka 1864 na ambalo Waahwahneechee walikuwa wametimuliwa kutoka humo na kikosi cha wapiganaji mwaka 1851, Bunge liliruhusu mwaka 1913 bonde la Hetch Hetchy lizamishwe ili San Francisco ipate maji. Mji ulipohitaji, maumbile yalisogezwa. Kijiji kilipohitaji kubaki, maumbile yalikuwa hayaguswi.

Mageuzi yalianza kwa hatua ya kiofisi. Mwaka 1933 Rais Franklin Roosevelt alihamishia Idara ya Hifadhi viwanja vya vita na minara iliyokuwa chini ya wizara nyingine, na ghafla walinzi wa dubu wakawa walinzi wa Gettysburg na wa Sanamu ya Uhuru. Sanamu hiyo nitaipita haraka, kwani imesemwa mno; inatosha kukumbuka kwamba miguuni pake pana minyororo iliyokatika, ambayo mtu aliyesimama chini haioni. Kumbukumbu ya Lincoln mjini Washington inafundisha zaidi. Ilipozinduliwa mwaka 1922, wageni Weusi walitengewa sehemu yao kando, mbele ya sanamu ya rais aliyetangaza ukombozi. Mwaka 1939 mwimbaji Marian Anderson, aliyenyimwa ukumbi mkubwa wa mji kwa sababu ya rangi yake, aliimba kwenye ngazi zake mbele ya watu 75,000, na mwaka 1963 Martin Luther King alisimama papo hapo. Jengo halikubadilishwa hata jiwe moja. Kilichobadilika ni maana, na walioibadilisha ni wale waliokuwa wameketishwa kando.

Maeneo mengine yalilazimika kufukuliwa. Mwaka 1991, wakati wa kujenga ofisi za serikali kuu kusini mwa Manhattan, wachimbaji walikuta makaburi ya Waafrika, watumwa na walio huru, ambao kuanzia mwishoni mwa karne ya 17 hadi 1794 walizikwa nje ya mji kwa kuwa hawakuruhusiwa kuzikwa katika viwanja vya makanisa ya New York. Inakadiriwa kwamba watu 15,000 walilala pale. Ujenzi uliendelea hadi waandamanaji walipousimamisha, na mabaki ya watu 419 yakapelekwa Chuo Kikuu cha Howard, ambako mifupa ilisema kile ambacho vitabu vya mji havikusema: watoto wengi waliokufa mapema, migongo iliyochakazwa na mizigo, na meno yaliyochongwa kwa mitindo ya Afrika. Mwaka 2003 walizikwa upya katika majeneza yaliyochongwa Ghana, na mwaka 2006 Rais George W. Bush akapatangaza kuwa kumbukumbu ya taifa. Ni eneo dogo lisilo na dubu wala maporomoko, na bado liko chini ya sheria ile ile iliyolinda Grand Canyon.

Nikitakiwa kumpeleka mgeni mahali pamoja tu, ningempeleka Manzanar, upande wa mashariki wa milima ile ile ya Sierra Nevada ambayo upande wake wa magharibi umebeba misekoya. Bonde la Owens lilikuwa la Wapaiute, waliolimwagilia kwa mifereji yao hadi jeshi lilipowafukuza kuelekea Fort Tejon mwaka 1863. Walifuata wakulima weupe waliopanda matufaha. Jina Manzanar kwa Kihispania ni shamba la matufaha. Kisha mji wa Los Angeles ukanunua ardhi ili uchukue maji yake, na mashamba yakakauka. Mwaka 1942, kwa amri ya rais, vibanda vya mbao vilisimamishwa hapo, vikazungushiwa seng'enge na minara minane ya ulinzi, na watu zaidi ya 10,000 wa asili ya Japani, wengi wao raia waliozaliwa Marekani, wakafungiwa humo bila kosa, wakiwa sehemu ya watu wapatao 120,000 waliofanyiwa hivyo nchini. Wafungwa hao waliihudumia ile mitufaha ya zamani, wakatengeneza bustani za mawe na vidimbwi, na mwaka 1943 wakajenga katika makaburi yao mnara mweupe wa kufariji roho. Serikali iliomba radhi kwa sheria ya 1988, na mwaka 1992 mahali hapo pakawa eneo la historia la taifa. Wapaiute, wakulima, maji na Wajapani wa Marekani wote wako katika kilomita chache za mraba, na nyuma yao milima imesimama na theluji yake, mizuri kupita kiasi. Uzuri huo haupunguzi hukumu.

Basi ubishi wa sasa una uzito wake. Mwezi Machi 2025 amri ya rais iliagiza Wizara ya Mambo ya Ndani ihakikishe kwamba maeneo yake hayana maelezo yanayowashusha hadhi Wamarekani wa zamani au wa sasa, na kwamba yasisitize ukuu wa mafanikio na uzuri wa mandhari. Katika mwezi Januari mwaka huo huo, mlima mrefu kuliko yote Amerika Kaskazini, wenye mita 6,190, ulirudishiwa rasmi jina la Rais McKinley, ambaye hakuwahi kufika huko, ingawa hifadhi inayouzunguka bado inaitwa Denali, neno la Wakoyukon lenye maana ya kilicho juu. Kinachonishtua katika agizo la Machi ni kule kuliita somo la mandhari kuwa mbadala salama wa somo la historia, kana kwamba mandhari haina la kusema kuhusu watu. Msekoya ulioungua unasema. Ukingo wa mto wenye mierebi na usiokuwa nayo unasema. Ukiondoa kibao kinachomtaja Mtukudika, bado utabaki na jabali la kioo cheusi lililochongwa na mikono ya mtu.

Grand Canyon yenyewe ina urefu wa kilomita 446, na mtu anayeteremka kutoka ukingoni huanza kwenye chokaa ya miaka milioni 270 na kumalizia, kandokando ya mto Colorado, kwenye miamba yenye umri wa karibu miaka bilioni 1.8. Katikati ya njia ya Bright Angel, panapotoka maji chini ya miti ya mipopla, Wahavasupai walilima mahindi na maboga. Mwaka 1882 walifungiwa katika ekari 518 za bonde la kando. Hifadhi ya taifa ilipotangazwa mwaka 1919, bustani zao za pembeni mwa njia zikawa ndani ya mipaka, na mwaka 1928 mkazi wa mwisho aliondolewa. Mwaka 1975 Bunge liliwarudishia ekari zipatazo 185,000 juu ya korongo, lakini bustani hazikuwamo. Kwa miongo mingi kibao cha njiani kilisema Bustani ya Wahindi, jina la kimakosa ambalo wenyeji wa Marekani walibandikwa. Mwezi Novemba 2022, kwa ombi la Wahavasupai wenyewe, kilibadilishwa kikaandikwa Bustani za Wahavasupai. Wapanda milima wanaofika hapo wakiwa wamekaukwa na koo hujaza chupa zao, hukaa kidogo kivulini, kisha huendelea kuteremka.